Matairi Manane ya Kiboko

Kosa langu la kwanza lilikuwa upepo. Nilijaza matairi manane ya mtambo wa ofisi mpaka yakawa magumu kama mawe, nikayagonga moja moja kwa chuma, nikasikiliza mlio wake, nikaridhika. Wiki hiyohiyo mtambo ulikwama katikati ya mbuga huko upande wa Nyarugusu, dereva akiwa juu yake, na mimi nimesimama ukingoni na viatu visafi.

Kosa lile lilikuwa na kwao. Kwao ni Tinde, pale njia panda ambapo malori ya Kahama yanaachana na malori ya Mwanza. Ndipo nilipojifunza kazi ya matairi, kama kujifunza ndilo neno lake. Hakuna fundi aliyenishika mkono. Nilipata pampu, vyuma viwili vya kubandulia na tairi bovu la kusimamisha barabarani kama tangazo, nikaanza. Nilipokosea, nilikosea kwenye tairi la mtu. Malori yanayopita Tinde hubeba mpunga na ng'ombe kupita kiasi, na fundi anayesifiwa ni yule anayejaza mpaka tairi likigongwa lilie kama kengele. Geji za kupimia upepo tulikuwa nazo, ila hatukuziamini. Tuliamini sikio. Tairi laini lilikuwa aibu. Dereva angekuuliza mbele za watu kama umelijaza kwa mdomo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikaza nati, natembea hatua chache, halafu narudi kuikaza tena. Nikituma ujumbe kwa simu, nausoma upya wakati mwenzangu ameshaujibu. Kwa mtu wa namna hiyo, mlio wa tairi la Tinde ulikuwa faraja kubwa, kwa sababu ulikuwa unajibu: imetosha. Ndiyo maana niliubeba hadi kwenye kazi ambayo haukuihusu.

Kazi hiyo niliipata baada ya kuhamia Shinyanga mjini na kupanga chumba Ibadakuli. Ofisi moja ndogo inayochukua sampuli za udongo kwa niaba ya watafutaji wa dhahabu ilihitaji mtu wa matairi, na meneja wake hakuniuliza cheti. Magari yao yalikuwa ya kawaida isipokuwa moja. Lilikuwa mtambo mfupi, wazi juu, wenye bodi ya plastiki nene kama boti na magurudumu manne kila upande. Hauna usukani wa gari. Unaushika kwa mpini kama wa pikipiki, na ukitaka kukata kona unazuia magurudumu ya upande mmoja. Ukifika majini unaelea, na matairi yaleyale yaliyokuwa yanazunguka ardhini yanageuka kuwa makasia. Karakana nzima iliuita Kiboko.

Dereva wa Kiboko alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wote tulimwita Mama Mapacha, kwa kuwa alizaa mapacha wawili wa kike waliokuwa sekondari wakati huo. Kabla ya hapo aliendesha malori ya mchanga. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya chini, na kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akizunguka mtambo, akigusa kila tairi kwa kiganja kama mtu anayepapasa ng'ombe wake.

Siku niliyojaza upepo ule alipapasa, akasimama.

"Mwanangu, haya si yamekaza sana?"

"Yako sawa, mama," nilisema, nikayagonga asikie.

Akanitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Mbuga kwetu si mbuga ya wanyama. Ni ile ardhi nyeusi ya bondeni inayopasuka kiangazi na kugeuka ugali mbichi mvua ikinyesha. Kiboko iliingia pale kwa kasi, ikasogea urefu wa nyumba moja, kisha matairi yakaanza kuchimba. Tairi laini lingejitandaza juu ya tope. Yangu yalisimama juu ya ncha zake na kuzama moja kwa moja, yakikata kama visu. Mama Mapacha alizima injini ili asizidi kuyazamisha, akakaa palepale, tope limefika karibu na ukingo wa bodi.

Waliotutoa walikuwa wanaapolo, wachimbaji wadogo waliokuwa wakitoka kwenye maduara yao, mashimo ya kuchimbia dhahabu, ng'ambo ya pili. Walikuja na kamba na mdomo.

"Hiki ni kiboko gani kisichojua kuoga?" mmoja aliuliza.

"Mnatafuta dhahabu au mmekuja kupanda mpunga?"

"Fundi yuko wapi? Yule mwenye viatu vya harusi?"

Walivuta kwa nguvu na kwa vicheko. Katika kuvutwa, visiki vilivyokuwa chini ya tope vilichana matairi mawili, na mengine yalikuwa yameshachakaa. Seti nzima ikawa haina maana tena.

Jioni ile meneja aliuliza nini kimetokea. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mapacha alijibu, "Mimi ndiye dereva. Nilipaswa kukagua kabla ya kutoka." Nilinyamaza. Naandika hapa kwamba nilinyamaza. Asubuhi nilimfuata meneja nikamweleza ukweli wote, upepo, mlio na yote. Sikutegemea atakachosema.

"Kumbe unajua ulipokosea," alisema. "Basi matairi mapya utachagua wewe. Ila sikiliza. Kuna bonde lenye maji kati yetu na eneo la sampuli za mwisho. Masika yakichanganya, nataka Kiboko ivuke na irudi na mifuko. Ikishindwa tena, naiuza, na tutakodi watu wa kubeba kwa miguu."

Sikuhitaji kufafanuliwa. Kiboko ikiuzwa, dereva wa Kiboko hana kazi. Mimi ningerudi Tinde na pampu yangu. Mama Mapacha angerudi kusubiri kuitwa kwenye malori ya mchanga, siku inapatikana, siku haipatikani, na wanawe wako kidato cha tatu. Aliyekuwa hatarini kwa mikono yangu alikuwa yeye, na alikuwa ameshanikinga mara moja.

Nilianza kuchagua matairi kama mtu anayechagua mahali pa kuzika mzazi wake. Niliangalia video za mitambo kama hiyo ikicheza kwenye matope ya nchi za watu, mpaka bando likaisha. Niliwapigia wauzaji wa Mwanza na Dar es Salaam na kuwauliza maswali mengi hivi kwamba mmoja aliacha kupokea simu yangu. Hatimaye nilipata sampuli za aina tatu. La kwanza lilikuwa na meno marefu kama la trekta. La pili lilikuwa jembamba na gumu, la pikipiki za magurudumu manne. La tatu lilikuwa pana, la mpira laini, lenye meno mafupi yaliyoachana, na kusema kweli lilionekana kama boya la kuogelea.

Sikuwa na mtambo wa kuyajaribia, na sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na toroli. Nilichomelea ekseli itakayopokea rimu ya tairi lolote kati ya hayo, nikapakia magunia mawili ya mchanga, nikamwomba jirani yangu jaruba lake ambalo hakuwa amelipanda bado. Jirani huyo alikuwa dada mmoja wa rika langu, mkulima wa mpunga, na alikaa kwenye tuta la jaruba akiniangalia nikisukuma toroli kwenye tope jeusi, nikirudi, nikibadilisha tairi, nikisukuma tena.

"Mwadila, fundi," alinisalimia. "Wenzako wanaogesha ng'ombe, wewe unaogesha matairi?"

"Mwadila. Najaribu."

"Unajaribu nini? Tairi lote limeshakuwa udongo."

Alikuwa sahihi, na palepale nikaona jambo ambalo video hazikunionyesha. Lile la meno marefu, lile nililokuwa nimeshalipenda, lilikuwa limejaa tope katikati ya meno yote. Udongo wetu wa mbuga haudondoki. Unashika kama gundi. Baada ya mizunguko michache lilikuwa gurudumu la udongo tu, jororo na zito, likiteleza mahali pamoja. Lile jembamba lilizama mpaka toroli ikalala ubavu. Lile pana, nilipolipunguza upepo mpaka likabonyea chini ya kidole gumba, lilipita juu kama mtu anayetembea juu ya godoro, na tope lilidondoka lenyewe kila lilipopinda.

Nilipaswa kumaliza hapo. Mtu mwingine angemaliza. Mimi niliipeleka toroli kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa mlimani, kisha kwenye ibambasi, ardhi ngumu yenye chumvichumvi ambako migunga humwaga miiba yake. Tairi langu pana likachomwa na mwiba mara ileile ya kwanza. Nikatafuta mawe meupe makali, yale yanayotupwa baada ya kutolewa kwenye maduara, nikalipitisha juu yake. Likachanika. Halafu nikalipeleka kwenye lambo la kunyweshea mifugo na kulizungusha majini kwa mkono, nikaona meno yake mafupi yanasukuma maji kidogo sana kuliko yale marefu. Kwenye mbuga lilishinda yote. Kila mahali pengine lilikuwa na kasoro.

Nikakwama upya, safari hii nchi kavu. Nilikuwa nikitafuta tairi lisilo na dosari, na kila tairi nililolishika lilikuwa na yake. Meneja aliniuliza kila asubuhi, nami nilimjibu kila asubuhi kwamba bado kidogo. Mawingu yalianza kujikusanya. Matairi yalitakiwa kuagizwa, yasafiri, yafike, yafungwe. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado mkono ulikataa kupiga simu. Watu husema ukamilifu ni sifa nzuri. Wangu wakati ule ulikuwa woga tu.

Mama Mapacha alinikuta jarubani mchana mmoja, baada ya meneja kumuuliza yeye kwa nini fundi hasemi. Alivua ndala, akaingia topeni na kusimama mbele ya yale matairi matatu niliyokuwa nimeyalaza kwenye tuta.

"Hili hapa," alisema, akilipiga teke lile la meno marefu. "Hili ndilo lenye sura ya kazi."

Nikaliweka kwenye toroli, nikamsukumia. Alilitazama likigeuka donge.

"Duh. Limevaa gauni."

Akacheka mwenyewe kwa kudanganyika, na kicheko kile kilinipunguzia uzito, kwa kuwa nilikuwa nikidhani ni mimi pekee niliyewahi kulipenda. Nikamwonyesha lile pana. Nikamweleza faida yake, kisha nikamwaga kasoro zake zote: miiba, mawe, mwendo wa pole majini. Nilizungumza muda mrefu. Alinisubiri nimalize.

"Tukichomwa na mwiba, wewe unafanyaje?"

"Naziba."

"Tukikatwa na jiwe?"

"Likiwa dogo naziba. Likiwa kubwa nashona kwanza, halafu naziba."

"Tukienda polepole majini?"

"Tutachelewa."

"Na tope likijaa kwenye meno tukiwa katikati ya mbuga, hapo unafanyaje?"

Nilimwangalia miguuni, tope limemfika vifundoni.

"Sasa mwanangu," alisema, "mbona umeshachagua siku nyingi?"

Nilipiga simu nikiwa palepale, mikono michafu, kabla hajaondoka. Nilitaka awepo. Niliogopa kwamba akishaondoka nitaanza tena kufikiri.

Matairi yalifika mvua zikiwa zimeshaanza. Niliyafunga kwa uangalifu wangu wote, na hapo wasiwasi wangu ulipata kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Magurudumu ya upande mmoja wa Kiboko huzungushwa kwa pamoja na minyororo, kwa hiyo tairi moja likiwa nene kuliko wenzake, mtambo unavutana wenyewe kwa wenyewe na kwenda upande. Niliazima futi ya kupimia nguo kwa fundi cherehani, nikapima kila tairi mzunguko wake, nikapunguza upepo hapa, nikaongeza pale, mpaka yote manane yakakubaliana. Nilipata geji ndogo inayosoma upepo hafifu. Mama Mapacha alikuja na utaratibu wake: alikanyaga kila tairi kwa kisigino na kuangalia linavyorudi.

"Sasa yamepumua," alisema.

Siku ya kuvuka, meneja alikuja mwenyewe na gari la ofisi na kuegesha ukingoni. Bonde lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na matete yamesimama hapa na pale. Mimi nilikaa nyuma ya Mama Mapacha na begi la zana mapajani. Kwenye mbuga hatukuhisi lolote. Nasema hivyo kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kuhisi mengi. Kiboko ilipita juu ya tope ikinesanesa, ikaacha alama pana zisizo na kina, ikaingia majini na kuinuka taratibu.

Majini kasoro yangu ilijitokeza, kama nilivyosema. Matairi yalizunguka sana na kusukuma kidogo. Maji yalikuwa na mwendo, yakaanza kutuburuta kuelekea chini.

"Mama, tunashuka."

"Naona."

"Tutatokea mbali na njia."

"Tutatokea," alisema. "Tulia, usiinamie upande."

Hakushindana na maji. Aliiacha Kiboko ishuke huku ikisogea, akiizuia magurudumu ya kushoto kidogo kidogo ili pua ielekee ng'ambo, mpaka matete yakatupokea na matairi yakagusa ardhi. Tulitoka chini kabisa ya mahali palipopangwa, na mahali hapo palikuwa na vifusi vya maduara, yale mawe meupe makali. Hatukuwa na njia nyingine. Tulisikia moja ya matairi ya mbele likitoa pumzi.

Mama Mapacha alizima injini. Ng'ambo ya pili, mbali, meneja alikuwa ametoka kwenye gari, mikono kiunoni.

Nilishuka. Nilifungua begi na kupiga magoti mbele ya tairi. Hii ilikuwa kazi niliyoijua kuliko nyingine zote. Wanaapolo walisogea, baadhi yao ni walewale.

"Fundi wa harusi amerudi."

"Leo amevaa gamboti. Ameposa mbuga."

"Msimcheke, mshikieni," alisema mmoja mkubwa wao, na kabla sijaomba, wanne walikuwa wameiinua kona ya Kiboko kwa mabega. Mpasuko ulikuwa mfupi kuliko kidole. Niliusafisha, nikachomeka utambi wa mpira wenye gundi, nikaongeza mwingine pembeni yake, nikakata uliobaki, nikapampu kidogo. Nilimwagia maji kuangalia mapovu. Hayakuwapo.

"Wabeja," niliwashukuru kwa Kisukuma. Mkubwa wao akanipa mkono wenye udongo, nami nikaupokea kwa mikono yote miwili.

Tulipakia mifuko ya udongo iliyokuwa ikitusubiri kwenye eneo la sampuli, tukavuka kurudi kwa mwendo uleule wa pole, na safari hii Mama Mapacha aliingia majini juu zaidi ili maji yakitushusha yatushushe mahali sahihi. Tulitokea karibu kabisa na gari la meneja. Aliizunguka Kiboko, akaangalia tairi nililoliziba, akafungua mfuko mmoja na kutazama ndani.

"Mmechelewa," alisema. Kisha akamgeukia dereva. "Kesho utaanza na upande wa kaskazini."

Hivyo ndivyo Mama Mapacha alivyojua kwamba kazi anayo. Alijibu tu, "Sawa, bosi," akavua gamboti na kumimina maji yaliyokuwa ndani. Baadaye, tulipokuwa tunaifunga Kiboko kwenye trela, alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma alichokuwa amekihifadhi mfukoni mwake kwenye karatasi. Kilikuwa cha baridi na kimebondeka. Nilikila chote.

Namshukuru kwa muhogo ule, na kwa kunikinga siku ambayo sikustahili, na zaidi kwa yale maswali yake manne ya jarubani. Nawashukuru wanaapolo kwa mabega yao na kwa matusi yao pia. Namshukuru dada wa jaruba, ambaye hakunidai kitu isipokuwa nilisawazishe tope lake kabla ya kupanda, nami nikalisawazisha vizuri mno mpaka akanifukuza. Watu wengi walinifundisha bila mmoja wao kujiita mwalimu, na mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba nimejifunza peke yangu nimeacha kusema hivyo.

Mama Mapacha bado anaendesha Kiboko, na mimi bado ninachagua matairi yake. Bado nina wasiwasi. Kilichobadilika ni kwamba sasa nikiulizwa matairi gani yaagizwe, najibu siku hiyohiyo, na ninamweleza dereva kasoro za matairi hayo kabla hajapanda.